Waridi la Jangwani la Sagala: Shajara ya Kulitambua na Kuliotesha kwa Mbegu

Agosti 2022

Mvua imetukosa tena. Masika yalinyunyiza kidogo yakaondoka, wala hii si mara ya kwanza. Tangu mwisho wa 2020 hapa Voi hatujauona msimu uliokamilika. Nyasi zimekwisha, migunga imebaki miiba, ng'ombe wanapelekwa mbali kila siku na wanarudi wamekonda zaidi. Na hapo hapo, kwenye mawe ya miteremko ya chini ya milima ya Sagala, kuna mmea uliochanua. Hauna jani hata moja. Kila ncha ya matawi yake mafupi na manene imebeba maua ya rangi ya waridi, mengi kiasi kwamba mtu anayaona akiwa bado barabarani.

Wauzaji wa miche wanauita waridi la jangwani. Ninaufungulia shajara kwa sababu ya jambo ninaloliona kando ya barabara kuu ya Mombasa: mimea mikubwa ya pori, iliyong'olewa milimani, mizizi imekatwa, imefungwa kwenye magunia, inasubiri wanunuzi wa mjini. Mmea wenye shina nene kuliko paja la mtu haukukua juzi. Umekaa pale miaka mingi, umevuka ukame usiohesabika, na unang'olewa kwa asubuhi moja. Wengi hufia kwenye vyungu kwa sababu mizizi iliyokatwa huwekwa kwenye udongo mbichi kabla kidonda hakijakauka.

Nataka kujua mambo mawili. Kwanza, huu wa kwetu ni mmea gani hasa? Pili, je, mtu wa kawaida mwenye uwanja mdogo anaweza kuuotesha kwa mbegu hadi ukachanua? Likiwezekana la pili, hakuna haja ya mtu kupanda mlimani na jembe.

Septemba 2022: kuutambua

Ua ndilo lililorahisisha kazi. Petali ni tano, zimeungana chini zikafanya mrija, na juu zimefunguka wazi. Pembeni rangi ni nyekundu ya waridi iliyokolea, kisha inafifia kuelekea katikati hadi karibu nyeupe. Ndani ya koo la ua kuna vitu vitano vyembamba vyenye manyoya vinavyopanda juu: hizo ni ncha ndefu za vifuko vya chavua. Ukipasua ua kwa wembe unaona vifuko vyenyewe vimeegemeana vikafunika kila kitu kilicho chini. Utaratibu huu ni wa familia ya Apocynaceae, na katika familia hiyo, kwa nyika ya huku, mmea wenye shina lililovimba, usio na miiba na wenye ua la aina hii ni Adenium.

Kazi ngumu ni kuutambua usipokuwa na ua, na hapo ndipo nimeona watu wakichanganya mambo. Kwenye mawe yale yale, na kote katika nyika ya Tsavo hadi upande wa Mkomazi, kuna Adenia globosa. Majina yanakaribiana, na picha za mmoja huwekewa jina la mwingine kila mara. Adenia ni wa familia ya mpesheni. Tumbo lake ni la kijani, limejaa vinundu, na juu yake yametoka matawi marefu yanayotambaa yenye miiba migumu. Maua yake ni madogo, ya kijani-manjano, hata huyaoni usipoinama. Adenium hana mwiba hata mmoja. Gome lake ni laini, la kijivu, na majani yakitoka hukusanyika kwenye ncha za matawi kwa mpangilio wa kuzunguka, mapana zaidi karibu na mwisho kuliko kwenye kikonyo. Mwenye shaka na apitishe kiganja taratibu. Miiba itamjibu.

Swali lililobaki ni la ndani zaidi. Kwa spishi, Adenium obesum ndiye anayejulikana zaidi, na ameenea kutoka Senegali kuvuka Sahel hadi Afrika Mashariki na Bara Arabu. Lakini katika Kenya, Tanzania na Somalia yuko pia anayeitwa somalense: majani yake ni membamba zaidi, mishipa ya majani inaonekana wazi kwa rangi ya kijani hafifu, na ndani ya mrija wa ua kuna mistari myekundu iliyo dhahiri. Baadhi ya wataalamu humhesabu kuwa spishi kamili, wengine humweka chini ya obesum. Mimea ya Sagala niliyoichunguza ina majani mapana (nimeyapata makavu chini, kwenye nyufa) na mistari ya koo inafifia mapema. Kwa hiyo naandika obesum kwenye vibandiko vyangu.

Jina hilo lina historia ambayo imenigusa. Mtu wa kwanza kuuandikia mmea huu maelezo ya kisayansi alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliyekwenda Yemen na msafara wa mfalme wa Denmark. Alikufa huko huko Yemen mwaka 1763, kijana bado. Mwenzake Carsten Niebuhr alirudi hai na kuyachapisha maandishi yake mwaka 1775, na humo mmea umeitwa Nerium obesum, yaani ulihesabiwa pamoja na oleanda, kile kichaka cha maua chenye sumu. Mwaka 1819 wataalamu wa mimea Roemer na Schultes waliuweka kwenye jenasi (kundi la spishi) ya peke yake, Adenium. Undugu na oleanda upo kweli, na unaeleza sumu yake.

Nimekausha tawi moja lenye maua kati ya magazeti, nikaandika mahali, mwinuko, aina ya mawe na tarehe. Atakayetaka uhakika zaidi, hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa ya eneo letu lote iko Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa. Ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Sampuli nzuri ni ile yenye ua, jani na tunda pamoja, na kwa mmea huu hilo ni gumu, maana vitu hivyo haviji kwa wakati mmoja.

Novemba 2022: mbegu

Ukame umekuwa mbaya kuliko nilivyowahi kuona. Mwezi huu serikali imetangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Mto Voi ni mchanga mtupu. Lakini matunda ya Adenium yamekomaa.

Hutoka mawili mawili, yameshikana kwenye shina moja na kupanuka kila moja upande wake, kama pembe za beberu. Mwanzo ni ya kijani yenye wekundu, kisha yanageuka kahawia ya kijivu, halafu yanapasuka kwa urefu ghafla. Kila mbegu ni kijiti kifupi cha kahawia chenye kishada cha nywele za hariri kwenye kila ncha, huku na huku. Upepo ukivuma mbegu inabingirika chini kama gurudumu badala ya kupaa moja kwa moja, mpaka ikwame kwenye ufa wa jiwe, mahali hasa panapoifaa.

Kwa kuwa tunda likipasuka huna siku mbili kabla halijawa tupu, nimeyafunga baadhi kwa vipande vya chandarua kikuukuu nikiwa nimeomba ruhusa kwa mwenye shamba. Mengi nimeyaacha yalivyo, yaendelee na kazi yake. Ndani ya hifadhi ya taifa sikugusa kitu. Pale hakichukuliwi hata kijiti.

Mzee mwenye shamba alinikuta nikifunga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huo unaufanyia nini?"

Nikamweleza.

"Sawa. Lakini utomvu wake usikufike kwenye jicho wala kwenye kidonda. Na mbuzi wangu unawaona? Wana njaa ya kula hata magunia, na huo hawaugusi."

Aliniambia wazee wa zamani waliujua kama mti wa sumu ya mishale, ingawa hapa Tsavo Waata, wawindaji wa ndovu waliokuwa na pinde nzito sana, walitegemea zaidi Acokanthera, ambao ni wa familia hiyo hiyo ya Apocynaceae. Sumu za miti hii miwili hufanya kazi kwa njia moja: ni glikosidi zinazovuruga mapigo ya moyo. Tangu siku ile navaa glavu ninapokata chochote, na vyungu vyote nitaviweka juu ya meza, mbali na watoto wadogo.

Desemba 2022: kupanda

Mbegu hizi hazipendi kuwekwa. Zikiwa mbichi huota karibu zote. Zikikaa miezi mingi kwenye bahasha uhai wake hupungua haraka. Kwa hiyo nimepanda mara moja.

Nimetumia masinia ya mabati yaliyotobolewa chini, kwa michanganyiko mitatu. Wa kwanza ni udongo mwekundu wa shambani na samadi iliyooza, kama tunavyopanda sukumawiki. Wa pili ni mchanga wa mto uliooshwa na changarawe laini, na samadi kidogo sana iliyochekechwa. Wa tatu ni mchanga na mkaa uliopondwa, bila samadi. Mbegu zimelazwa, hazikusimamishwa, na kufunikwa kwa mchanga wa unene wa mbegu yenyewe tu. Maji kwa kunyunyiza asubuhi. Joto la Voi mwezi huu halihitaji msaada wowote, ila nimetandaza wavu wa kivuli juu, maana jua la saa saba lingezichoma.

Ndani ya wiki moja vichwa vilikuwa vimetoka kwenye masinia yote matatu. Ninachokipenda ni kwamba tumbo linaonekana tangu siku za mwanzo: shina dogo chini ya majani mawili ya kwanza limevimba tayari, limejaa maji, kabla mche haujawa na kitu kingine chochote.

Januari 2023

Tofauti imejitokeza. Kwenye udongo mwekundu wenye samadi kinyausi kimeingia: shingo ya mche inageuka kahawia pale inapogusana na udongo, inalainika, na kesho yake mche umelala. Zaidi ya nusu ya sinia imekwenda hivyo. Kwenye mchanga na changarawe wamekufa wachache. Kwenye mchanga na mkaa hakuna aliyekufa, ila miche ni midogo na rangi yake imepauka kwa njaa.

Uamuzi wangu ni mchanganyiko wa pili, na kuongeza mkaa kidogo juu. Udongo wetu mwekundu una chembe laini zinazoshikana zikilowa. Mlimani mmea huu hauishi humo hata kidogo, unaishi kwenye nyufa ambako maji hupita na kwenda zake. Nilipochokoa ufa mmoja kule Sagala nilikuta mawe yaliyovunjika, mchanga mkubwa, na majani makavu kiganja kimoja. Basi.

Mei 2023

Masika yamekuja. Si makubwa, lakini yamekuja, na kila mtu mjini anatembea tofauti.

Miche imehamishiwa kwenye mikebe, kila mmoja peke yake. Mizizi ilikuwa mirefu kuliko nilivyodhani kwa mmea wenye urefu wa kidole, na mnene mmoja unashuka moja kwa moja. Waliokatika mzizi wakati wa kuhamishwa nimewaacha kivulini bila udongo siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kisha nikawapanda kwenye mchanga mkavu na kusubiri kabla ya kutia maji. Wote wameshika. Hili ndilo ningependa wauzaji wa barabarani wangelijua: ukiupa mzizi uliokatwa maji mara moja, umeukaribishia uozo.

Na wageni wamefika. Vidukari vya manjano yaliyokolea, miguu myeusi, wamejaa kwenye ncha changa. Ni wale wale wanaokaa kwenye oleanda, Aphis nerii, na hawaogopi sumu; wanaifyonza, wanaiweka mwilini, na rangi yao ni onyo kwa ndege. Maji ya sabuni ya kipande, yakirudiwa kila baada ya siku chache, yamewamaliza. Kiwavi wa nondo wa oleanda ni jambo jingine. Ni mnene, wa kijani, ana madoa mawili ya buluu karibu na kichwa yanayofanana na macho, na usiku mmoja anakuachia vijiti vitupu. Huyo namtoa kwa mkono jioni kwa tochi na kumpeleka kwenye oleanda kubwa ya jirani, ambaye ameridhia. Mmea hauumii sana. Unatoa majani mapya.

Julai 2023

Baridi ya Voi si baridi ya kutisha, lakini miche imeitambua. Majani ya chini yanageuka manjano na kuanguka, ukuaji umesimama. Nimepunguza maji hadi kidogo tu kwa muda mrefu, na tumbo likibonyezwa kwa kidole bado ni gumu, dalili kwamba akiba imo.

Dada yangu anayeishi Nairobi alichukua miche michache. Kule juu, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Julai ni mawingu na unyevu wa baridi. Nimemwambia aiingize ndani kwenye dirisha linalopata jua na asiipe maji kabisa mpaka joto lirudi. Mmea huu unavumilia kiu vizuri sana, na unavumilia ubaridi kidogo ikiwa ni mkavu. Vyote viwili pamoja, ubaridi na maji, ndivyo huuua.

Novemba 2023

El Niño. Baada ya miaka ya kuangalia mbingu tupu, sasa barabara zimekatika na nyumba za watu zimesombwa katika sehemu nyingi za pwani na kaskazini mashariki. Tsavo imekuwa ya kijani hadi haitambuliki.

Kitalu kimepata turubai la plastiki juu ya wavu, limeinamishwa ili maji yamwagikie nje, na pande zimeachwa wazi kwa upepo. Meza imeinuliwa kwa matofali. Mche wowote niliouona shina limelegea niliutoa, nikakata sehemu iliyooza mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe safi, nikapaka majivu na kuuning'iniza kichwa chini mahali pakavu. Baadhi wamepona.

Nilipanda Sagala mvua ilipotulia. Ile mimea mikubwa ya mwamba ilikuwa imejaa majani, imenenepa, maji yanapita kando yake yakiteremka. Hakuna hata mmoja ulioonyesha uozo. Mteremko wa mahali ulipo ndio dawa yake.

Oktoba 2024: maua

Wamechanua. Si wote, walio kwenye mikebe mikubwa na waliopata jua la siku nzima ndio wametangulia, wakiwa bado hawajatimiza miaka miwili tangu mbegu. Mimea yenyewe inafika gotini tu, na imechanua ikiwa karibu haina majani, kwa majira yale yale ya ndugu zao wa mlimani. Nililisubiri hili kuliko jingine lolote. Nilifurahi sana, na nyumba nzima ilinisikia.

Rangi hazilingani. Mmoja ni mwekundu karibu wa damu pembeni, mwingine amepauka hadi karibu mweupe wote. Hii ndiyo tofauti kubwa na ile mimea ya kigeni inayouzwa mijini, iliyotengenezwa Thailand na Taiwan kwa kuchanganya mbegu na kuunganisha tawi la mmea mmoja kwenye shina la mwingine, yenye maua ya tabaka mbili tatu yanayofanana kila moja. Ni mizuri, sisemi kinginecho. Lakini huo wa dukani umechaguliwa uchanue muda mwingi wa mwaka kwa kumwagiliwa, na shina lake la chini mara nyingi ni la mmea mwingine. Wa kwetu una kalenda yake mwenyewe, na kalenda hiyo imeandikwa na kiangazi cha hapa. Na aliyeotesha kwa tawi lililokatwa ajue kwamba atapata maua, ila lile tumbo halitatokea kwa umbo lake. Hilo ni zawadi ya mbegu.

Nimejaribu kuchavusha kwa mkono. Chavua imefungiwa ndani ya koni ya vile vifuko vitano, na sehemu inayoipokea iko chini, imejificha nyuma yake, kwa hiyo brashi ikipitishwa juu haifanyi kitu. Inabidi kuupasua mrija wa ua kwa wembe upande mmoja, kufungua nafasi kati ya vifuko viwili, kuchukua chavua ya manjano kwa unywele mgumu, na kuiingiza chini kwenye ua la mmea mwingine. Lazima uwe mmea mwingine: chavua ya mmea wenyewe mara nyingi haishiki. Ndiyo maana mtu mwenye chungu kimoja barazani hupata maua kila mwaka na hapati tunda.

Desemba 2024

Kwenye maua niliyoyachavusha, baadhi yametoa pembe mbili ndogo za kijani. Mbegu zitakazotoka humo zitakuwa za kitaluni kabisa, hazijapunguza chochote mlimani.

Vuli ya mwaka huu imeanza kwa kusitasita, lakini udongo umelowa vya kutosha na mzee ameniruhusu kurudisha miche kwenye mteremko wake wa chini, pale palipochimbwa kokoto na kuachwa wazi. Tumeipanda pamoja na wajukuu zake, wote wamevaa glavu kubwa kuliko mikono yao. Kila mche umewekwa kando ya jiwe upande wa kivuli cha alasiri, tumbo likiwa juu ya ardhi na mizizi tu ndani, changarawe imejazwa kuzunguka shingo, na mmoja ameachiana na mwenzake hatua tatu nne. Tumetia maji mara moja, ya kukalisha udongo. Nimewapa namba kwa vipande vya bati la mkebe vilivyochongwa kwa msumari, kwa sababu wino haudumu juani, na kwenye daftari kila namba ina mama yake wa Sagala. Mara ya pili kupima unene wa mashina itakuwa baada ya masika, na miche iliyobaki kitaluni nitawapa wale vijana wawili wanaouza maua kando ya barabara, kwa sharti kwamba wauze hiyo badala ya ya mlimani, na waje wachukue mbegu matunda yakipasuka.